Mfungo wa Mama Pindo

"Ndugu wapendwa katika Bwana, tusimame. Kanisa linayo heshima kubwa, tena heshima ya kutetemesha magoti, kutangaza kwamba mtumishi wetu, fundi wetu, mama yetu mpendwa Mama Pindo, leo anaingia siku ya tano ya kufunga. Hali. Hanywi. Haonekani. Amejifungia chumbani mwake akiulilia ulimwengu unaoteseka. Na huku akilia, mikono yake inashona sare za kwaya! Nani kama yeye? Nauliza, nani?"

Spika ya kanisa ilikuwa imefungwa juu ya mlingoti na kuelekezwa barabarani, kwa faida ya wenye dhambi wanaopita. Mwenye dhambi mmoja hakuwa akipita. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, nyumba ya nne kutoka kanisani, nyuma ya mlango uliofungwa, sahani mapajani, na swali la "nani kama yeye" lilipomfikia alikuwa akikwangua ukoko wa wali kwa kijiko.

Mama Pindo aliacha kukwangua. Akaitazama sahani. Akautazama mlango. Kisha, kwa kuwa ukoko ukipoa haufai, akaendelea kula, lakini polepole, kama mtu anayekula kwenye msiba wake mwenyewe.

Alikuwa fundi wa nguo mwaka wa thelathini na moja sasa. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye kitambulisho, kitambulisho kilikuwa kwenye droo, na droo ilikuwa imekwama. Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu hakujaliwa mtoto wa kuitiwa, na kwa sababu mapindo yake hayakufumuka: gauni lingechakaa, mwenye gauni angechakaa, pindo lingebaki. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Siku moja alitoka kwenda kuchukua mzigo, na mpaka leo anauchukua. Kwenye kwaya alikuwa ameimba Jumapili mbili. Jumapili ya tatu mwalimu wa kwaya alimshika mkono kwa upole akamwambia Mungu amempa kipaji cha kushona, na kipaji kimoja kwa mtu mmoja kinatosha kabisa.

Kwenye sala hakuwa mtu wa maneno. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, hivyo kila alipotunga uzi kwenye sindano alisema, "Bwana, tundu." Uzi ukipita, alisema, "Asante." Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yake, mara thelathini au arobaini kwa siku, na hakuwahi kudhani kwamba Mungu anahitaji maelezo zaidi.

Maelezo zaidi yalikuwa kazi ya Kamati ya Maombi. Mwenyekiti wake alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mzee mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye waumini walimwita Mzee Ratiba. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kanisa lilikuwa likiuombea ulimwengu ovyo ovyo, leo huku kesho kule, bila mpango. Akakaa wiki tatu akaupanga. Kila Jumatano nchi mbili, kwa alfabeti, na kila nchi na shida zake pembeni kwenye safu ya pili: njaa, vita, tetemeko, "nyinginezo". Ratiba ilibandikwa mlangoni ikiwa imefunikwa plastiki. Wageni walioiona walishika vifua vyao.

Kilele cha mwaka huo kilikuwa Kongamano la Kuubeba Mzigo wa Dunia, ambalo lingefanyika Jumamosi moja kamili, askofu akiwepo. Kwaya ya watu arobaini ilihitaji sare. Majora manne ya kitambaa cha zambarau yakaletwa kwa Mama Pindo, pamoja na mchoro: gauni refu lenye mikono mipana ya kimalaika, mikono ambayo mwanakwaya akiinua kumsifu Mungu ingeweza kumfunika jirani yake wa kushoto.

Wiki hiyo hiyo mto ukaacha njia yake.

Watu wa bondeni walitolewa na maji wakiwa na vilivyokuwa miilini, na wengine hata hivyo hawakutoka navyo vyote. Waliwekwa kwenye shule ya msingi, ambayo ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa Mama Pindo. Asubuhi ya pili, mtu alipiga hodi mlango wa uani.

"Karibu."

"Shikamoo, mama. Naomba sindano na uzi kidogo tu. Nitarudisha."

Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, na alikuwa amevaa dunia. Si mafumbo haya. Alikuwa amejizungushia ramani ya dunia ya darasa la sita, ile ya kitambaa kigumu, na kuifunga begani kwa kamba ya bendera. Bahari zilikuwa zimempita kiunoni. Ncha ya Kaskazini ilimkaa chini ya kwapa.

"Hiyo umepewa?" aliuliza Mama Pindo.

"Niliikuta ukutani, mama. Mwalimu amesema nivae tu, ila nisiikunje, inachanika kwenye mikunjo. Ndiyo nataka kuishona hapa, imeanza kuachia."

"Wangapi hamna nguo?"

"Wasio nazo kabisa, au na wenye zilizolowa?"

"Wote."

"Sitini na watatu, pamoja na watoto."

Macho ya fundi yana kasoro moja: hayawezi kumwona mtu bila kumpima. Kabla hajampa sindano Mama Pindo alikwishajua bega la yule dada, kifua chake, na urefu wake hadi kwenye kifundo. Na kabla dada hajavuka ukuta, macho yale yale yalikuwa yamegeukia majora manne ya zambarau yaliyoegemea ukutani yakiwa yamenona.

Asidhani mtu kwamba aliiba kabla ya kuuliza. Aliuliza. Alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Mzee Ratiba.

"Mzee, wale watu wa shuleni tunawafanyia nini?"

Mzee Ratiba hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akafungua daftari lake na kushuka na kidole. "Tutawafikia, mama," alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Nchi yetu ni mwezi wa kumi na moja."

"Mzee, hawana nguo leo."

"Na ndiyo maana nimeandika hapa, unaona? 'Mafuriko.' Nimeongeza kwa kalamu nyekundu."

Mama Pindo alirudi nyumbani, akatandaza kitambaa sakafuni, akashika mkasi. Hapo ndipo aliposali sala ndefu kuliko zote za maisha yake. "Bwana," alisema, "naiba. Usiache wanikamate kabla ya Alhamisi." Alikuwa amepiga hesabu ya kifundi: siku nane. Kitambaa cha wanakwaya arobaini walioshiba, wenye mikono ya kimalaika, kinawatosha watu sitini na watatu wenye njaa, mradi ujue kukata. Kikigundulika kabla hakijashonwa, kitarudi kwenye majora na yeye hatashonea kanisa hilo hata leso, na kanisa ndilo lililokuwa likimlisha. Lakini gauni likishashonwa na mtu akalivaa, basi limeshonwa.

Tatizo lilikuwa wateja. Watu huingia kwa fundi bila hodi, wanashikashika, wanauliza hiki cha nani. Akachukua chaki yake ya kukatia, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: NIMEFUNGA.

Miaka yote thelathini na moja, mlango ule ukiandikwa neno ulikuwa ukisema NIMETOKA NARUDI, na watu walijua maana yake ni hatarudi. Neno jipya liliwashangaza. Mzee Ratiba alipita saa nne asubuhi, akalisoma, akasimama. Kama angekuwa mtu wa kawaida angeelewa kwamba duka limefungwa. Lakini alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maombi, na kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Tena akakumbuka jinsi mama huyu alivyokuja kwake uso umemshuka, akiuliza tuwafanyie nini. Mzee wa watu akapiga magoti pale pale kwenye kizingiti, suruali safi na yote.

Hivyo ndivyo Mama Pindo alivyofika kwenye spika, kwa sauti ya mzee huyo huyo.

Ibada ilipokwisha, wifi yake aliingia kwa mlango wa uani bila hodi, kofia ya kanisani bado kichwani. Huyu alikuwa dada wa yule dereva anayechukua mzigo, sauti ya kwanza katika kwaya, mwanamke mpana mwenye sauti pana.

"Wifi yangu! Kanisa zima linalia kwa ajili yako! Nimekuletea maji ya kunawa uso tu, maana najua—" Akasita. Akanusa. "Kitunguu?"

"Umebaki wali kidogo, karibu."

 Wifi alikuwa ameokota gauni la zambarau lililokuwa juu ya cherehani na kulipima kifuani kwake. Lilimfika kutoka kwapa hadi kwapa, likakataa kuendelea.

"Wifi. Hii sare mbona ndogo?"

"Si yako."

"Ya nani? Kwenye kwaya hakuna mtu wa hivi. Hata yule mwembamba wa sauti ya tatu haingii hapa."

"Ya mama mmoja wa shuleni. Ana mtoto wa miezi mitano."

Wifi akaliangalia rundo la nguo zilizokwisha, akaangalia majora. Yalikuwa yamebaki mawili. Akakaa juu ya kitanda, na kitanda kikalalamika.

"Wewe una wazimu," alisema taratibu. "Askofu anakuja. Mimi naimba peke yangu beti mbili. Nimewaambia watu wa ukoo! Nimewaambia nitavaa mikono mipana!"

"Nakujua. Kawaambie kanisani, sikuzuii. Watakuja kuchukua kilichobaki. Kwa hayo majora mawili utapata mikono yako."

"Usinitege, wifi."

"Sikutegi. Nakwambia mlango uko pale."

Wifi hakwenda mlangoni. Alilalamika robo saa nzima, akataja aibu, askofu, ukoo, na kaka yake aliyepotea ambaye kumbe alikuwa na akili kukimbia. Kisha akavua kofia. "Mimi cherehani sijui," alisema. "Nipe vifungo nishone. Na huo wali pakua, kabla sijabadili mawazo."

Kuanzia siku hiyo Mzee Ratiba alikuja kila asubuhi na kiti chake cha kukunja, akaketi nje ya mlango, daftari gotini, kumtia nguvu mfungaji.

"Bwana asifiwe, mtumishi! Umefikia wapi leo?"

Mama Pindo hakupenda uongo. Kama kweli ilichukuliwa vibaya na aliyeisikia, aliona hilo ni jambo kati ya msikiaji na Mungu wake, ingawa alilala nalo vibaya. "Niko kwenye mabega, mzee," alijibu.

Mabega! Mzee Ratiba akaandika: anabeba mzigo mabegani. Jumapili jioni spika ikatangaza. Jumatatu alikuwa amefika kwenye mikono, na mitaa miwili ikajua kwamba Mama Pindo ameinua mikono kama Musa na hajaishusha. Jumatatu hiyo hiyo mchana mzee aliuliza tena, na kwa kuwa Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni, wifi ndiye aliyejibu.

"Leo tuna vifungo, mzee!"

"Vifungo! Vya giza?"

"Vya zambarau."

 Kalamu ilisikika ikikwaruza. "Sijawahi kusikia aina hiyo," alisema mzee kwa unyenyekevu. "Vinafunguka?"

"Vingine vinabana kidogo, lakini tutavishinda."

Ndani, Mama Pindo alimpiga wifi teke akiwa kigodani. Wifi alikuwa amejiziba mdomo na gauni la mtu.

Jumanne Mama Pindo alisema anapiga mapindo, na mzee akakumbuka yule mwanamke wa Injili aliyegusa pindo la vazi akapona, akalia machozi ya kweli, akatumia leso zote mbili.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Mzee Ratiba, nacho kilikuwa kitunguu. Kila ilipofika saa saba harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilimfikia pale kwenye kiti. Alijua mara moja ni majaribu. Akazunguka nyumba za jirani akiwaomba, kwa jina la Bwana, wasikaange wakati mtumishi anafunga. Majirani wakakubali. Nyumba sita zikala vya kuchemsha. Harufu ikazidi. Mzee akatambua kwamba adui amejifunua, akaongeza saa moja ya maombi, kuanzia saa saba kamili, na kila alipomaliza alikuwa na njaa isiyo ya kawaida.

Jumatano ilikuwa siku ya nchi mbili za herufi D. Lakini Kamati, kwa kuguswa, iliamua kuzisogeza mbele na kwenda yote kumfungulia Mama Pindo mfungo, ili apate nguvu kabla ya Jumamosi. Walifika saa sita mchana: Mzee Ratiba, mwalimu wa kwaya, na wanakamati wawili wamebeba chupa ya uji mwepesi kama wa mgonjwa. Ndani kulikuwa kumebaki nguo tatu za watoto.

"Mtumishi!" aliita mzee kwa sauti ya ibada. "Yatosha! Fungua!"

Mama Pindo alikuwa anatunga uzi. Alisikia "fungua", sauti ya kawaida ya mtu aliye mlangoni, na akili yake ilikuwa kwenye tundu la sindano. Akafungua.

Walichokiona wageni kilikuwa, kwa mpangilio huu: sufuria, wifi akiwa na kijiko, sakafu iliyojaa vipande vya zambarau visivyotosha kushona hata soksi, na ukuta mtupu mahali yalipokuwa majora manne.

"Mtumishi," alisema Mzee Ratiba. "Si ulifunga?"

"Nilifunga mlango, mzee."

Mwanakamati aliyeshika chupa ya uji aliishusha chini polepole, kama mtu anayeshusha bendera.

"Sare ziko wapi?" aliuliza mwalimu wa kwaya. Sauti yake ilikuwa imepanda nota mbili.

"Ziko shuleni. Zimevaliwa. Nimechukua kitambaa chenu, sikuwaomba. Nilijua mtakataa. Mkipata kingine nitashona bure, na msiponipa kazi tena nitaelewa."

"Zikavuliwe!" alisema mwalimu wa kwaya. "Sasa hivi! Mzee, twende tukazivue! Jumamosi tunaimba na nini?"

Wakazunguka ukuta, Mzee Ratiba mbele kama kawaida. Mama Pindo alibaki ameketi mlangoni, mikono imelala mapajani bila kazi, na kwa mara ya kwanza katika siku nane hakuwa na cha kuomba. Alhamisi ilikuwa kesho tu. Mungu alikuwa amekosea kwa siku moja, au yeye.

Uwanja wa shule ulikuwa wa zambarau. Wanawake wa zambarau walikuwa wakichota maji, watoto wa zambarau wakifukuzana, na bibi mmoja mzee sana amekaa kwenye dawati mlangoni mwa darasa katika zambarau yake mwenyewe, akijipapasa pindo kwa vidole kama anayetafuta kosa asilione. Dada wa ramani aliwaona wageni akaja na mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamooni. Ninyi ndio wenye kitambaa? Fundi alituambia. Alisema mkija kukidai tuwape, tusimtetee. Mnakitaka?"

Alikuwa ameshika kifungo cha shingoni, tayari, bila uchungu, kama mtu aliyekwishazoea kuvuliwa vitu.

Mzee Ratiba alifungua kinywa. Alikuwa amesali hadharani miaka kumi na tisa na hakuwahi kukosa neno. Alitafuta maneno ya kiroho ambayo mwanamume mwenye kalamu tatu anaweza kumwambia mama anayenyonyesha avue gauni. Akayatafuta kwenye herufi zote. Akafungua daftari, akashuka na kidole, akafika mwisho wa ukurasa, akaufunua, akaendelea. Mwalimu wa kwaya naye aliangalia viatu vyake.

"Hapana, mwanangu," mzee alisema mwishowe. "Tulikuwa... tunakagua mshono."

"Haujafumuka popote, baba."

"Naona."

Njiani kurudi alitembea ameinama. Lakini kati ya ukuta wa shule na mlango wa fundi kuna hatua sitini hivi, na kwa mtu wa kamati hizo ni nyingi. Alikuwa ametangaza siku nane kwenye spika. Askofu alikwishapelekewa barua. Kwenye hatua ya thelathini akachomoa kalamu nyekundu, akafuta mwezi wa kumi na moja, akaandika "mwezi huu". Kwenye hatua ya hamsini mgongo wake ukanyooka. Alipoingia kwa fundi, akafika hadi katikati ya chumba, alikuwa ni Mwenyekiti tena.

Mama Pindo alikuwa amerudi kwenye cherehani. Kama nguo zilikuwa zinarudi, zinarudi. Lakini zile tatu zilikuwa hazijaisha, na hakujua njia nyingine ya kungoja.

"Nguo zinabaki," alisema mzee.

Mguu wa Mama Pindo ulisimama juu ya kanyagio.  Alivua kikofia chake cha chuma cha kidoleni, akaupapasa uso wake kwa mkono mzima mara moja, akakivaa tena.

"Mikono yangu!" alisema wifi, akaangua kilio, kisha akacheka katikati ya kilio. "Basi nitaimba na gauni la harusi ya shangazi!"

"Kimya, dada, nasoma tangazo." Mzee Ratiba aliinua daftari. Sauti ya spika ikamtoka bila spika. "Ndugu wapendwa katika Bwana, tusimame. Kamati yenu ya Maombi, ambayo tangu mwanzo iliona mbali, ilimtuma kwa siri mtumishi wake kufunga, si tumbo, ndugu zangu, bali mlango, ili walio uchi wavikwe. Katika siku nane za ukimya mtakatifu, akipigana na vifungo, akipigana na kitunguu, mama huyu ameubeba ulimwengu. Kwa hiyo Kamati inamvika leo jina jipya: Mama wa Mataifa!" Akashusha daftari, macho yakiwa yamelowa, kwa kuwa hakuna aliyeguswa na maneno yake kama yeye. "Mtumishi, Jumamosi nitakupa kipaza sauti. Ulimwengu unangoja. Una neno?"

Mama Pindo alikuwa ameinama akivuta kitu chini, na kitu hicho hakikuja.

"Ninalo," alisema. "Inua mguu, mzee. Umekanyaga kitambaa."